Mafahali Wawili wa Taasisi ya Kempner

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunaitazama Taasisi ya Kempner ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayochunguza akili ya asili na akili mnemba kwa pamoja. Salim, mimi nikisikia dola milioni 500, nauliza kwanza: za nani?

SALIM: Za Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan, kupitia shirika lao. Ahadi ilitangazwa Desemba 2021, itolewe kwa miaka 15. Kempner ni jina la ukoo wa mama yake Zuckerberg.

REHEMA: Tajiri wa mitandao ya kijamii analipia utafiti wa ubongo. Kuna watu watakunja uso hapo.

SALIM: Wakunje, wana haki. Mimi kilichonivuta ni waliokabidhiwa uongozi tangu mwanzo. Bernardo Sabatini, mtaalamu wa ubongo kutoka kitivo cha tiba, na Sham Kakade, mtu wa kompyuta na takwimu.

REHEMA: Mafahali wawili zizi moja!

SALIM: Ungedhani hivyo. Ila Kakade shahada yake ya uzamivu aliipatia London, katika kituo cha Gatsby, akisimamiwa na Peter Dayan. Na Dayan ni mmoja wa watatu walioandika ile makala ya 1997 kuhusu dopamini.

REHEMA: Usikimbie. Dopamini si ndiyo ile kemikali ya raha?

SALIM: Ndivyo inavyosemwa mitaani. Sasa sikia. Wolfram Schultz alikuwa akirekodi seli za dopamini katika ubongo wa kima. Kima akipata tone la juisi bila kutarajia, seli zinachachamaa. Akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinaichangamkia taa. Juisi yenyewe ikija, wala hazishtuki.

REHEMA: Na juisi ni ile ile?

SALIM: Ile ile. Halafu washa taa, umnyime. Seli zinashuka chini ya kiwango chake cha kawaida, na zinashuka wakati hasa juisi ilipotakiwa kufika.

REHEMA: Kumbe zinapima tofauti ya alichotarajia na alichopata.

SALIM: Umemaliza! Na hesabu ya tofauti hiyo ilikuwa tayari ipo kwenye kompyuta. Richard Sutton na Andrew Barto waliikuza miaka ya 1980, wakitafuta namna programu inavyoweza kujifunza kwa kujaribu. Dayan, Read Montague na Schultz wakaitambua ndani ya seli.

REHEMA: Mimi nimezoea kusikia kinyume, kwamba mashine ndizo zinazoiga ubongo.

SALIM: Hilo nalo lipo. Hubel na Wiesel, waliofanya kazi miaka mingi hapo hapo Harvard na kupata Nobeli mwaka 1981, waligundua seli katika ubongo wa paka zinazoitikia mistari iliyolala upande fulani. Fukushima wa Japani akajengea hapo mtandao wake wa neva bandia, yaani programu inayoiga seli za ubongo, wa kutambua maumbo, mwaka 1980. Mitandao ya kutambua picha iliyofuata ni wajukuu zake.

REHEMA: Sawa, lakini hiyo ni historia. Leo ubongo unatumia wati kama 20, na taasisi imejaza chipu za NVIDIA, zile za kuendeshea akili mnemba, kwa mamia. Unaniambia vitu hivyo vinafanana?

SALIM: Sisemi vinafanana. Nasema modeli, yaani programu ya akili mnemba iliyokwisha kufunzwa, unaweza kuifungua yote: kila namba unaiona, kipande chochote unakizima uone kinachoharibika. Ubongo wa panya haukupi nafasi hiyo, unarekodi sehemu ndogo tu ya seli zake.

REHEMA: Na ukikuta kitu kwenye modeli, umejua nini kuhusu panya? Hujajua chochote.

SALIM: Umepata pa kuanzia.

REHEMA: Dhana, Salim. Mimi nitaridhika siku watakayotabiri kitu kwenye modeli, wakakiandika mapema, kisha maabara ya ubongo ikakikuta kwenye panya.

SALIM: Na ikikikosa?

REHEMA: Wachapishe hilo pia. Pesa wanazo.