Elektroniki za Punguzo Dukani, Kuziuza kwa Mnada Mtandaoni: Hela Ipo?

Wazee mliokaa mbele shikamooni, na wengine wote habari za mchana, asanteni kwa kuja na najua wengine mmetoka shifti ya usiku hamjalala.

Swali nimeulizwa na watu wengi sana hapa Columbus, Ohio, nikaona bora tuliongee mbele ya wote. Zile elektroniki zinazoshushwa bei kwenye maduka makubwa kama Best Buy, Walmart, Target, ukizinunua ukaziweka eBay, ile saiti ya kuuziana vitu, kwenye mnada, unapata kitu? Jibu nalitoa sasa hivi ili hata anayewahi kazini aondoke nalo: hela ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosimuliwa, na haipo kule ambako wengi wetu tunakimbilia. Punguzo ambalo nchi nzima imeliona halina faida ndani yake, maana yule unayetaka kumuuzia na yeye kaliona, ana simu kama yako na duka kama lile lipo mtaani kwake.

Kuna kisa kimoja nakipenda kukitolea mfano kwa sababu kilitokea hadharani kabisa. Mwaka 2011 HP, wale watengenezaji wa kompyuta, walitoa tableti inaitwa TouchPad, Julai imeingia sokoni kwa dola 499 ile ya chini, haikununulika, Agosti hiyo hiyo wakatangaza wanaachana nayo, wikiendi iliyofuata bei ikashuka mpaka dola 99 ile ya gigabaiti 16 na 149 ile ya 32. Watu wakamiminika madukani, zikaisha, na siku zile zile zikaanza kuonekana eBay zinauzwa kwa mara mbili ya bei ile na zaidi. Sasa hapo kila mtu anasema umeona, hela si hiyo! Ndiyo, hela ilikuwepo, lakini angalia ilitoka wapi. Haikutoka kwenye punguzo, ilitoka kwenye kuisha. Dukani hakuna tena na kiwanda kimesema hatutengenezi, kwa hiyo aliyeitaka hakuwa na pa kwenda ila kwako. Na aliyezificha ndani akisema nisubiri bei ipande zaidi, Desemba mwaka ule ule HP wenyewe wakaja eBay na TouchPad zilizofanyiwa marekebisho, kwa bei ile ile ya 99 na 149. Huyo wa kusubiri sijui alimuuzia nani.

PS5, ile mashine ya kuchezea gemu, ya Novemba 2020 ni vile vile, dola 499 dukani, na watu waliuza karibu mara mbili, tena bila punguzo lolote. Uhaba ndo ulikuwa unalipa.

Sasa tuje kwenye kitu cha kawaida, tupige hesabu pamoja, toeni simu zenu. Hedifoni nzuri, bei yake ya kila siku dola 199.99, duka limeshusha mpaka 120. Moyo unakwambia hapa kuna 80 yangu. Haya. Kodi ya mauzo tuseme asilimia 8, hiyo ni 9.60, umeshatoa 129.60. Unaingia eBay unaiweka mnadani, inaisha kwa 165 na wewe umesema kutuma ni bure. 165, si mbaya, watu wangepiga makofi. Makato ya eBay kwa muuzaji asiye na duka kule ndani, kwa vitu vingi, ni asilimia 13.6 na senti 40 juu yake, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndo pengi panavuja, hiyo asilimia haikatwi kwenye 165 tu, inakatwa kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, pamoja na kodi ya jimbo lake ambayo wewe hata huigusi, eBay wanaichukua na kuipeleka wenyewe. Tuseme na yeye kodi yake ni asilimia 8, jumla amelipa 178.20, makato yanakuja 24.64. Kutuma dola 9, boksi na gundi na ile plastiki ya mapovu dola moja na nusu. Toa yote hayo, unabaki na 129.86. Ulitoa 129.60.

Senti 26. Umesimama foleni, umepiga picha, umeandika maelezo, umejibu yule anayeuliza maswali saa sita za usiku, umeendesha gari mpaka posta, kwa senti 26. Na kama ulikubali kulipia tangazo lisukumwe juu, hata kwa asilimia 2, umeingia hasara.

Mtu atasema lakini ningeuza 180. Sawa, ungeuza 180 kwa nani? Hedifoni hiyo iko dukani kwa 120 leo leo, na wenzako kama wewe nchi nzima wamezibeba wameziweka eBay wiki moja na wewe, bei inashuka yenyewe. Ndo maana kabla hujaipeleka kaunta, hapo hapo ukiwa umeishika mkononi, fungua eBay, andika namba ya modeli, sio jina, namba ile iliyoko kwenye lebo ya boksi, alafu chagua kuonyeshwa vilivyouzwa. Bei zinakuja kwa rangi ya kijani. Hizo ndo bei. Zile nyingine ambazo watu wameandika tu 190, 210, hazijauzwa, ni ndoto za watu, usizihesabu. Na usiangalie ile moja iliyouzwa juu kuliko zote, angalia zimeuzwa ngapi wiki hizi mbili na ngapi bado zimekaa. Ukiona zimeuzwa tatu na zilizokaa ni mia mbili, rudisha kwenye shelfu uende ukanunue maziwa.

Haya, mnada wenyewe. Wengi wanadhani mnada unapandisha bei. Mnada wa eBay unavyofanya kazi ni hivi, kila mtu anaweka siri kiwango chake cha juu kabisa, mfumo unampandishia kidogo kidogo mpaka amzidi mwenzake kidogo tu, basi. Kwa hiyo bei yako ya mwisho haiamuliwi na anayekitaka sana, inaamuliwa na wa pili yake. Wakiwepo wawili wanaokitaka kweli, umepona. Akiwa mmoja na mwingine anapita tu kujaribu, kitu cha 150 kinaondoka kwa 70 na huwezi kusema sitaki. Na kitu kilichopo dukani kwa bei inayojulikana hakuna mtu mwenye akili atapandisha juu ya bei ya duka, kwa hiyo juu kuna dari na chini hakuna sakafu zaidi ya bei uliyoanzia. Mimi kwa elektroniki za kawaida simshauri mtu mnada kabisa, weka bei ya kudumu, hiyo njia ya kununua moja kwa moja eBay wanayo tangu mwaka 2000, na siku hizi vitu vingi vinauzwa hivyo.

Mnada unafaa kitu ambacho hakuna anayejua bei yake. Pierre Omidyar alipoanzisha ile saiti ya eBay mwaka 1995 kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa taa ya leza, ile ya kuonyeshea ubaoni, mbovu, ikauzwa dola 14.83 kwa mtu aliyekuwa anakusanya mbovu. Kitu cha ajabu ajabu, mnunuzi wa ajabu ajabu, hapo mnada ni dawa.

Jambo lingine ambalo linawaumiza watu na halisemwi ni siku za kurudisha. Best Buy mteja wa kawaida anapewa siku 15 kwa vitu vingi. Wewe umenunua tarehe 1, umeweka mnada wa siku 7, mnunuzi ana siku kadhaa za kulipa, umetuma, kimefika tarehe 14 au 15. Mnunuzi wa eBay ana siku 30 tangu kifike kusema hiki sicho nilichoelezwa, hata kama wewe umeandika hupokei marejesho. Akisema kina kasoro tarehe 28, pesa yake inarudi, na gharama ya kukirudisha ni yako, na duka lako limeshafunga mlango zamani. Kwa hiyo piga picha namba ya utambulisho ya kifaa, ile serial namba, kabla hakijaondoka, kama ni simu IMEI yake, namba ambayo kila simu ina ya kwake, ili kikirudi ujue kama ndo kile kile. Sisemi wanunuzi ni wezi, wengi ni watu wazuri, ila mmoja kati yao anaweza kukurudishia cha kwake kibovu na wewe huna pa kushika.

Na boksi likiwa limefunguliwa usiandike kipya. Andika limefunguliwa. Dhamana ya kiwanda pia, kampuni nyingi zinataka risiti ya muuzaji anayetambulika, na muuzaji huyo sio wewe, kwa hiyo usimwahidi mtu dhamana.

Kuna wanaoniuliza kuhusu maduka yanayofilisika, kama Circuit City ile ya mwaka 2009, na zile paleti za bidhaa zilizorudishwa, yaani mzigo mzima unaouzwa kwa pamoja. Duka likifungwa, siku za mwanzo punguzo ni dogo na hairuhusiwi kurudisha kitu, watu wanaona bango kubwa wanasahau kulinganisha na duka la jirani ambalo halifungwi. Na paleti la bidhaa zilizorudishwa ni robota la mitumba lile lile tunalolijua, huoni ndani mpaka umelipa, tofauti ni kwamba shati lililochanika utauza bei ya chini, laptopu iliyokufa ni uzito tu wa kubeba.

Sasa hela iko wapi. Iko kwenye punguzo la duka moja, shelfu moja, ambalo meneja kaamua mwenyewe anataka nafasi. Vitu vidogo, vyepesi, vilivyoacha kutengenezwa, ambavyo mtu mahali fulani bado anavihitaji. Chaja ya betri ya kamera ya zamani. Rimoti halisi ya televisheni. Wino wa printa ambayo haiuzwi tena, mradi tarehe haijapita. Kalkuleta za shule, ile TI-84 Plus imetoka mwaka 2004 na mpaka leo walimu wanaitaka darasani, bei yake haianguki kama ya simu, ukiikuta kliaransi, yaani duka linaimaliza kwa bei ya chini, Septemba wanafunzi wameshanunua, iweke kabatini, Julai na Agosti inayofuata wazazi wanaitafuta. Hii ndo biashara ninayoiheshimu. Haina mbwembwe, unapata dola 12 hapa, 20 pale, kwa mtu ambaye tayari anapita dukani kwa shughuli zake. Anayetoka nyumbani maalumu, akachoma mafuta akizunguka maduka ya Polaris mpaka Easton kutafuta, ahesabu na saa zake pia, kwa sababu ghala la hapa linamlipa dola 18 au 20 kwa saa bila kubeba hatari yoyote.

Na msitumie kadi ya mkopo kuanzia. Muuzaji mpya eBay wanamwekea kikomo cha vitu, na pesa yake inaweza kushikiliwa wiki kadhaa, huku riba ya kadi inatembea kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Hili linaniuma kwa sababu anayeingia kwenye shimo hili mara nyingi ni yule yule anayetuma pesa nyumbani kila mwezi.

Maswali. Mama pale, ndiyo.

Mama anauliza kuhusu kodi. Mama, faida ni kipato, unaitangaza hata kama hujaletewa karatasi yoyote. Ile fomu ya 1099-K, ambayo eBay wanakutumia wewe na watu wa kodi kuonyesha umeuza kiasi gani, ilileta vurugu, serikali ilitaka kushusha kiwango cha kuitumiwa kiwe dola 600, wakaahirisha ahirisha, na mwaka 2025 sheria ikairudisha kule kwenye dola 20,000 na mauzo zaidi ya 200. Lakini hiyo ni ya eBay kukutumia fomu tu. Ukibaki na faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, kuna kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, kwa hiyo tunza kila risiti, ya duka, ya posta, ya maboksi. Na ukiwa na kibali cha muuzaji cha jimbo unaweza kununua vitu vya kuuza bila kulipa ile kodi ya dukani. Kwenye hedifoni zetu zile 9.60 zingebaki kwako, faida ingekuwa karibu dola 10 badala ya senti 26. Ndo maana anayefanya kienyeji anashindwa na anayefanya kwa karatasi, kitu kile kile, bei ile ile.

Kaka anauliza si bora anunue atume Dar. Inategemea, kaka. Laptopu na simu chaja zake nyingi zinakubali volti 100 mpaka 240, soma maandishi madogo kwenye chaja yenyewe. Simu hakikisha haijafungwa na kampuni ya mtandao. Televisheni acha, king'amuzi cha ndani ni cha mfumo wa Marekani, nyumbani ni mfumo mwingine, DVB-T2, haitashika chaneli za bure, na nyingine ni za volti 120 tu. Alafu kuna ushuru wa forodha, na huko hakuna wa kukurejeshea kikipasuka njiani.

Na wewe dada, umesema uko na viza ya mwanafunzi. Hapo sina mzaha. Mwenye F-1, ndiyo viza hiyo, kununua na kuuza mara kwa mara kwa faida kunaweza kuhesabiwa ni kazi bila kibali, na kuuza simu yako ya zamani ni kitu kingine kabisa. Kabla hujaweka hata tangazo moja nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako, uulize, na wakikujibu waombe wakuandikie kwa barua pepe.