Wavulana wetu na miezi ya giza
Mazungumzo na wazazi, Minneapolis, mwishoni mwa Septemba

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Na nyinyi wenzangu mliotoka kazini mkaja hapa moja kwa moja bila kupitia nyumbani, poleni na kazi, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze na wenye watoto wa kiume kuhusu miezi hii inayokuja, kuanzia Oktoba hadi shule zifunguliwe Januari. Mimi si mwalimu wala daktari. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu. Anaweza kuondoka Jumatatu akarudi baada ya siku kumi. Tuna wavulana watatu. Kifungua mimba ana miaka 14, wa kati 10, kitindamimba sita. Tulitoka Tanga, na huu utakuwa msimu wetu wa saba wa baridi hapa Minnesota.

Nianze na saa. Nyumbani tunataja saa kwa Kiswahili, nimekataa kabisa kuliacha hilo. Mwaka juzi, mwanzoni mwa Desemba, huyu wa kati alikuwa amesimama dirishani, taa za barabarani zimeshawaka. Akaniuliza, "Mama, si ulisema jua linazama saa kumi na mbili? Mbona sasa hivi ni kumi na nusu na limeshakwenda?"

Nilikosa jibu la haraka. Saa yetu imefungwa kwenye jua la kwetu. Tanga jua halitoki mbali na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Ukisema saa moja usiku, ni usiku kweli. Hapa Juni linazama saa tatu usiku, na Desemba linazama saa kumi na nusu jioni. Tarehe 21 Desemba mchana mzima haufiki urefu wa saa tisa. Sisi tunaoswali tunaliona waziwazi: alasiri inaingia mtoto yuko darasani, anashuka kwenye basi saa kumi, na magharibi iko mlangoni. Nyinyi wa kanisani mnaliona vilevile, mtoto anaondoka na giza na anarudi na giza.

Hata neno lenyewe linatuchanganya. Kamusi inawaambia wanangu kwamba majira haya ya majani kupukutika yanaitwa vuli. Mkubwa akamwambia bibi yake kwenye simu, "Bibi, huku ni vuli." Bibi akafurahi, akauliza, "Mmeshapanda mahindi?" Kwa bibi, vuli ni mvua ya Oktoba hadi Desemba.

Sasa mfikirie mvulana. Septemba anatupa begi sebuleni na kutoka na mpira mpaka umwite mara tatu. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, saa nane usiku inakuwa saa saba, na Jumatatu yake huko nje hakuna tena nje. Nguvu zile haziendi popote. Zinaingia kwenye makochi, kwenye mbavu za mdogo wake, kwenye simu hadi usiku wa manane. Mkubwa anapigana kidogo, lakini ananyamaza. Unamuuliza shule ikoje, anasema nzuri. Umekula nini, anasema chakula.

Ninachoamini, na ndicho kilichonileta mbele yenu, ni hiki: msimu huu mvulana apewe kazi ya kweli ya nyumba, aifanye bega kwa bega na mzazi wake. Kazi inamaliza zile nguvu, sawa. Kikubwa zaidi, mikono ikishughulika mdomo unafunguka. Nimekaa na mwanangu mezani uso kwa uso mara nyingi, sikupata kitu. Nimepata mengi tukiwa tumeinama.

Oktoba ni reki na majani. Wiki ya tatu shule zinafungwa Alhamisi na Ijumaa walimu wana mkutano wao. Siku hizo mbili ndizo tunazokusanya majani, wadogo wakiyarukia na sisi tukiyakusanya upya. Halafu linakuja beleshi la theluji. Wenye nyumba zenu hapa Minneapolis mnajua, theluji ikiacha kuanguka una saa 24 za kusafisha njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yako.

Nitawasimulia Jumamosi moja ya Desemba. Mkubwa alikuwa na miaka 12. Wiki tatu nzima alikuwa kimya, anakula na kupanda juu chumbani. Nilirudi kutoka zamu saa moja na nusu asubuhi, theluji imefika vifundoni, ile yenye maji, nzito kama mchanga wa ufukweni. Nilitaka kulala. Nikamwamsha, nikampa beleshi moja, nikashika la pili. Tukaanza yeye akielekea barabarani, mimi nikielekea mlangoni, migongo imeelekeana. Hatukusema kitu muda mrefu. Mara nikamsikia, hata hakugeuka:

"Mama, niliandika uongo shuleni."

Sikuacha beleshi. Nilijua nikisimama nikamtazama, atanyamaza. Nikasema tu, "Uongo gani, baba?"

Walipewa insha, waeleze sikukuu ya Thanksgiving nyumbani kwa bibi. Yeye akaandika kwamba bibi yake alikuja, akakaa kichwani mwa meza, akaoka keki ya maboga. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa. "Niliandika bibi amevaa sweta jekundu," akasema. "Mama, bibi ana sweta?"

Bibi yake yuko Tanga. Ana kanga, ana baibui. Sweta la nini? Na mimi hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu hakuwa na picha ya bibi yake ya kuandika. Alikuwa na sauti tu, ya Jumamosi, kwenye simu, "shikamoo bibi, marahaba, unasoma?" na simu inarudi kwangu.

Tulimaliza ile njia. Sikumgombeza. Tulipoingia ndani nikapika chai ya tangawizi, akanywa vikombe viwili.

Mwaka uliofuata tuliamua ile Alhamisi ya Thanksgiving tuifanye yetu. Ni sikukuu ya Wamarekani, Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863, na sheria ya kuiweka Alhamisi ya nne ya Novemba ikapita mwaka 1941. Ni sikukuu ya shukrani na chakula, na sikuona sababu ya kuikimbia. Tulinunua bata mzinga wa halali, kilo saba, amegandishwa kama jiwe. Kaeni mkijua, ndege wa namna hiyo anahitaji siku moja ya friji kwa kila kilo mbili hivi. Tulimtoa Jumapili. Kitindamimba alikuwa anafungua friji kila asubuhi kumgusa na kutangaza, "Bado baridi!"

Nusu tuliiweka ovenini, na wa kati akawa mwenye kipimajoto. Kazi yake ilikuwa moja: nyama haitoki mpaka isome nyuzi 165 za Fahrenheit, katikati ya paja, asiguse mfupa. Aliisimamia kama mlinzi wa benki. Nusu nyingine ilikuwa ya pilau, na pilau ilikuwa ya mkubwa na bibi yake.

Hapo saa nazo zilitusumbua. Mpaka Oktoba tukipiga saa tatu asubuhi, Tanga ni saa kumi na moja jioni, bibi ameshapumzika, amekaa barazani. Saa za hapa zikirudishwa nyuma, saa tatu ile ile kule inakuwa saa kumi na mbili. Bibi alikuwa ameshatuambia, "Mbona siku hizi mnanipigia magharibi?" na ni kweli, kwetu hupigi simu ya porojo magharibi inaingia. Kwa hiyo Novemba tunampigia saa mbili. Wenye wazee Afrika Mashariki, hilo lishikeni. Mzee hatakwambia mara mbili, atakuwa hapokei tu.

Basi saa mbili asubuhi mkubwa akaegemeza simu kwenye kopo la mchele, bibi anaonekana nusu uso. Mafuta, vitunguu. Bibi anauliza, "Kimekuwa rangi gani?"

"Kahawia, bibi."

"Kahawia ya chai au kahawia ya kahawa?"

Mtoto akafikiri. "Ya chai."

"Bado. Usiondoke. Ukiondoka tu kinaungua."

Akainua simu akaielekeza kwenye sufuria bibi aone mwenyewe. Bibi akasema bado tena. Walikaa hivyo wawili wanatazama kitunguu kinabadilika, Tanga na Minneapolis, na hapo katikati bibi akaanza kumsimulia jinsi babu yake alivyokuwa fundi wa pilau za harusi, alivyokuwa anaitwa mpaka Pangani. Mwanangu hakuwahi kulisikia hilo. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsimulia. Zikaingia thomu na tangawizi, ikaingia binzari nyembamba, hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, ikaja nyama, ikaja supu. Walipofika kwenye kupalilia, ikasikika adhana ya magharibi ya Tanga humo kwenye simu, jikoni kwetu ni saa tatu na kitu asubuhi, jua la Minnesota linaingia dirishani. Bibi akasema, "Haya, mjukuu wangu, naenda kuswali. Usifunue mpaka nimalize."

Hakufunua.

Najua hapa kuna akina baba watakaoniambia jikoni si pahala pa mtoto wa kiume. Kaka zangu, kumbukeni harusi za pwani. Yale masufuria makubwa ya pilau, uwani, juu ya kuni, anayeyakoroga ni nani? Ni wanaume. Tunapowafukuza watoto jikoni huku, tunawanyima kitu ambacho babu zao walikuwa nacho.

Niseme mawili matatu ya usalama, maana tunatoka nchi zisizojua baridi hii na hakuna shangazi wa kutuonya. Mvulana wa miaka 12 kwenda juu atakwambia hasikii baridi. Ataondoka na kaptula. Wangu aliacha glavu kwenye basi, akatembea hadi nyumbani mikono mitupu, vidole vikafika vimepauka na havina hisia. Nikafanya kama ambavyo mama yeyote angefanya, nikavisugua. Ni kosa. Usisugue, na usimtie kwenye maji ya moto, kwa sababu hasikii na ataungua bila kujua. Ni maji ya uvuguvugu, taratibu, na visiporudi rangi unakwenda hospitali. Tangu siku hiyo kila begi lina jozi ya pili ya glavu chini kabisa.

La pili ni maziwa, haya maziwa ya maji. Watoto wetu ni wa pwani, wanapenda maji, na Desemba maji yanageuka uwanja. Idara ya maliasili ya jimbo inasema barafu ngumu, safi, iwe na unene wa sentimita kumi ndipo mtu atembee juu yake kwa miguu, na ikifunikwa na theluji huwezi kuiamini kwa macho. Mwambie mwanao waziwazi: hakanyagi barafu bila mtu mzima aliyeipima, hata rafiki zake wote wawe katikati ya ziwa. Na muulizeni daktari kuhusu vitamini D. Ngozi zetu na jua hili la miezi ya baridi havisaidiani.

Viatu nunueni Oktoba. Wenyeji mpaka leo wanasimulia theluji iliyoanza siku ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, mwaka 1991, zaidi ya sentimita 70 hapa mjini. Na kuhusu Halloween yenyewe, kila nyumba ina uamuzi wake. Wanangu hawazunguki nyumba hadi nyumba kuomba pipi kama wenzao. Lakini wanafungua mlango na kugawa pipi, kwa sababu mtu akibisha hodi kwetu hafukuzwi.

Krismasi ni ngumu zaidi, sitaficha. Wiki mbili shule imefungwa, mitaa inawaka taa, rafiki zao wanahesabu zawadi. Sisi hatuisherehekei, na sikumdanganya mtoto kwamba haipo. Tanga jirani yetu Mkristo alituletea sinia Krismasi, na sisi tulipeleka sinia Idi. Hapa jirani yetu ni mama mmoja wa Bukavu. Tarehe 25 wavulana wanaamka mapema, wanakanda unga wa mahamri wenyewe, wanapika, wanampelekea yakiwa ya moto, na sinia huwa halirudi tupu. Kitindamimba anapewa jukumu la kubisha hodi. Mwaka jana alifanya mazoezi njia nzima, "Heri ya Krismasi mama, heri ya Krismasi mama," mpaka mlango ukafunguliwa akasahau, akasema "Shikamoo."

Nimetumia muda wangu wote, naona mwenyekiti ananitazama. Kwenye ile meza ya nyuma kuna makoti, glavu na viatu vya theluji tulivyokusanya tangu Agosti, vimefuliwa vyote. Wale wavulana watatu waliosimama pale ni wangu. Wamevipanga kwa umri, vidogo viko kushoto. Wapeni saizi, watawatafutia. Na mkiwa na kijana wa kiume hapa, mwiteni aje awasaidie kubeba masanduku mengine, yako kwenye gari langu na bado ni mengi.