Alama Zikigoma Kupanda

Wadogo zangu, habari za jioni. Mmeniita niongelee LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria hapa Marekani, na hasa kile kipindi ambacho unasoma usiku na mchana lakini alama hazipandi. Kinaumiza, nakijua. Alama za mtihani huu zinaanzia 120 hadi 180. Mimi nilikaa 154 miezi mitatu. Kila Jumamosi mtihani mzima wa mazoezi, na kila jioni ni 153, 155, 154. Nikaongeza mitihani, ikawa miwili kwa wiki. Wapi! Nilikuwa napima homa tu, dawa sijameza.

Kilichonitoa pale ni daftari. Nikifanya mtihani, kila swali ninalolitilia shaka naliwekea alama. Muda ukiisha, majibu siyafungui. Narudia maswali yale bila saa, naandika kwa nini jibu hili ni sahihi na kwa nini yale manne mengine yana kasoro. Ndipo nasahihisha. Nililokosa mbio mbio nikalipata kwa utulivu, shida yake ni mwendo. Nililokosa mara zote mbili, hilo sikulielewa, na hata ningepewa siku nzima ningelikosa.

Wiki ya tatu nikalisoma daftari tangu mwanzo. Makosa yangu mengi yalikuwa ya aina moja: masharti, hasa penye neno "unless", yaani "isipokuwa". Na sisi tunalo jambo hilo kila siku! Hupandi treni bila tiketi. Basi aliyemo ndani ya treni ana tiketi, hapo hakuna ubishi. Je, kila mwenye tiketi yumo ndani ya treni? Huenda bado amekaa stesheni. Huenda treni imemwacha. Mimi nilikuwa nampandisha kila mwenye tiketi, na mtunga mtihani anakuwekea jibu la namna hiyo makusudi, limeandikwa vizuri, linakuvuta.

Nikaacha mitihani mizima, nikabakiza mmoja kila wiki mbili. Asubuhi kabla ya kazi, maswali kumi ya masharti, bila saa. Saa niliirudisha baadaye, nilipoona siyakosi tena.

Wenye vitabu vya zamani, tafadhali: michezo ya mantiki, yale mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa kufuata masharti, iliondolewa Agosti 2024. Sasa zinazohesabiwa ni sehemu mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu, dakika 35 kila moja. Ipo na ya nne isiyohesabiwa, ila hutaambiwa ni ipi. Na msiache swali wazi, kwa sababu jibu lenye kosa halikatwi alama.

Mimi nilifika 158, nikakwama tena. Safari hiyo sikulia. Nilifungua daftari, nikakuta ni ufahamu: nilikuwa nasoma habari nzima bila kujiuliza mwandishi yuko upande gani.

Daftari lenyewe hili hapa mezani. Anayetaka aje aliangalie. Kurasa tisa za mwanzo ni masharti matupu.