Kasa Achora, Sisi Twanakili

Asalaam alaikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mpate kutoroka upesi.

Nimeombwa niseme juu ya sanaa ambayo mtu na mnyama huifanya pamoja ili mnyama huyo ahifadhiwe. Najua wapo wanaosema haya ni mambo ya wageni. Lakini huku kwetu Lamu ushirika wa mtu na mnyama ni wa zamani. Wavuvi wa Kibajuni walikuwa wakimfunga taza kamba mkiani, yule samaki ambaye kichwa chake hugandama, wengine humwita chazo. Wakimwachia baharini, taza humfuata kasa, humgandama gambani, naye mvuvi huvuta kamba polepole. Ushirika ulikuwapo. Kasa tu ndiye hakuulizwa.

Na hilo la kuulizwa ndilo lililonileta hapa. Thailand ilipopiga marufuku ukataji wa miti ya misitu mwaka 1989, ndovu waliokuwa wakiburura magogo walikosa kazi na wachungaji wao wakakosa riziki. Wasanii wawili wenye asili ya Urusi, Komar na Melamid, waliwapelekea brashi na rangi, na mwaka 2000 picha za ndovu zikanadiwa Christie's, New York. Fedha zilikusudiwa kuwafaa ndovu, hilo silibezi. Ila ukimwona ndovu akichora ua lenye shina na majani yake, tazama sikioni. Mchungaji yuko ubavuni, amelishika sikio, analivuta huku na huku, na mkonga wafuata. Mchoraji hapo ni nani? Mimi naona ndovu amegeuzwa kalamu.

Aganetha Dyck wa Kanada nampenda zaidi. Alikuwa akitia sanamu za kauri zilizovunjika ndani ya mizinga, basi, akawaacha nyuki. Nao walijenga masega kama siku zote, bibi wa kauri akafunikwa mabega kwa nta. Hakuna nyuki aliyefundishwa kitu.

Nasi twajaribu njia hiyo. Alfajiri, kasa akisharudi majini, twenda pwani na wanafunzi, bafta na makaa mkononi. Kasa mwenyewe huyatupa mapezi mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hivyo alama za kushoto na kulia hulingana, na upana wake ni karibu mita moja. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hupishanisha; njia yake nyembamba, utadhani msuko wa ukili. Twanakili, twachonga muhuri wa mbao, twapiga chapa leso. Zikiuzwa, pesa huwaendea vijana wanaokesha kulinda mayai.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na pupa, nikataka kumwona akipanda. Tukajibanza usiku nyuma ya tuta la mchanga, nimewaonya wanafunzi wote wazime simu. Yangu ndiyo iliyowaka. Kasa akasimama. Kisha akageuka taratibu, kama mgeni aliyefika mlangoni akasikia ugomvi ndani, akarudi baharini na mayai yake tumboni.

Asubuhi tuliinakili njia yake: yapanda, yakunja, yashuka. Shimo hakuna. Ndicho kitambaa hiki kilichotundikwa nyuma yangu. Wageni hukipenda kuliko vyote, na mmoja alinirudia mara tatu na bei juu. Hakiuzwi.

Haya, nani ana swali?