Mkulima wa Crown Hill: Mhadhara kwa Wanaushirika wa Korosho, Masasi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, wakulima wenzangu mliotoka Newala na Tandahimba mkaziacha mashine za kupulizia salfa: nimeombwa nizungumze juu ya mkulima aliyepata kuongoza, nami nimeamua kumfuata mbali, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kwa sababu yaliyomkuta kule nayaona kila tunapochagua bodi ya chama chetu hapa.

Ernest Charles Drury alizaliwa mwaka 1878 huko Crown Hill, karibu na mji wa Barrie. Tusimpambe kwa umaskini ambao hakuwa nao: baba yake alikuwa waziri wa kwanza wa kilimo wa jimbo hilo, na yeye mwenyewe alihitimu chuo cha kilimo cha Guelph mwaka 1900, kisha akarudi shambani. Mwaka 1914 alishiriki kuanzisha umoja wa wakulima, United Farmers of Ontario, yeye akiwa rais na James J. Morrison akiwa katibu. Huyo Morrison mkumbukeni, tutamrudia.

Kilichowasukuma wakulima hao kwenye siasa ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917, uchaguzi ulipokaribia, serikali ya Kanada iliwaahidi kwamba vijana wao wa shambani hawatachukuliwa jeshini. Aprili 1918, msimu wa kupanda ukibisha hodi, ahadi ikafutwa. Maelfu walikwenda Ottawa, makao makuu ya nchi, kulalamika, wakarudi mikono mitupu. Jibu lao lilikuja Oktoba 1919 katika sanduku la kura, kwenye uchaguzi wa bunge la jimbo la Ontario: viti 44 kati ya 111, vingi kuliko vya chama chochote. Wakiungana na wabunge 11 wa chama cha wafanyakazi walifika 55, yaani nusu haijatimia, na bado serikali ya jimbo ikaundwa. Kiongozi sasa nani? Morrison hakuutaka uwaziri mkuu wa jimbo. Drury hakuwa hata amegombea ubunge, lakini ndiye aliyeitwa. Aliapa Novemba, na kiti chake akakipata baadaye kwa uchaguzi mdogo wa Halton, eneo jingine la Ontario.

Serikali yake ilianzisha posho kwa kina mama wajane wenye watoto, ikaweka kima cha chini cha mshahara kwa wanawake, ikafungua ofisi za akiba ambazo fedha zake zilikopeshwa wakulima. Mimi hupenda zaidi habari ya miti. Kaunti ya Simcoe, alikotoka, ilikuwa na ardhi ya kichanga ambayo misonobari yake ilikatwa yote kwa mbao, watu wakajaribu kulima, mazao yakakataa, na upepo ukabaki kuuhamisha mchanga kutoka shamba hadi shamba. Mwaka 1922 miche ikaanza kupandwa katika mchanga huo, kazi ambayo haimpi mwanasiasa kura hata moja katika uchaguzi unaofuata. Ninyi mnaosubiri mkorosho miaka kadhaa ndipo uanze kuzaa mnaielewa subira hiyo.

Kilichomwangusha kilianzia nyumbani. Drury aliamini kwamba aliyepewa jimbo si wa wakulima peke yao tena, akataka chama kifungue milango kwa watu wa mjini na wa kazi nyingine. Morrison alipinga waziwazi: chama ni cha wakulima, kibaki chao. Kwa maoni yangu Drury alikuwa na haki, maana huwezi kutawala kwa viti 44 huku ukiwafungia mlango wengine wote. Kosa lake ni kwamba jambo hilo alilitangaza kabla ya kulipeleka matawini likazungumzwa likaisha, na wanachama wakasikia kama wameachwa. Nimewahi kukaa katika mkutano mkuu wa chama cha msingi ambako mwenyekiti alizomewa kwa uamuzi mzuri kabisa, kwa kuwa tu wanachama waliukuta umeshabandikwa ubaoni.

Mwaka 1923 viti vya wakulima vilishuka hadi 17, na Drury akapoteza hata kile cha Halton. Alirudi Crown Hill kulima. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 90, na misonobari iliyopandwa Simcoe wakati wa utawala wake ilikuwa imekwisha kutimiza zaidi ya miaka 40.