Kesho Yake Baada ya Mlo wa Kusafisha Mwili

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua wengi wenu mmemaliza mlo wa kusafisha mwili hivi karibuni, na wengine mnahesabu siku zilizobaki. Mmeacha sukari, vyakula vya kukaanga na pombe, mmekula mboga na matunda kwa wingi. Kujinyima si kazi ndogo, nawapongeza. Lakini leo nataka tuzungumzie kesho yake, siku ambayo ule mwongozo uliobandikwa jikoni hausemi tena ule nini. Watu wengi ninaowashauri hawakushindwa na mlo. Walishindwa na siku hiyo.

Kwanza tuwekane sawa. Kazi ya kusafisha mwili hufanywa na ini na figo, usiku na mchana, uwe kwenye mlo maalumu au usiwe. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, karibu yote yakarudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja au mbili hivi, hutoka kama mkojo. Hakuna juisi inayoweza kuzisaidia hapo. Nalisema hili mapema kwa sababu aliyeamini kwamba ametakasika ndani, akila kipande kimoja cha keki huona amejichafua upya. Na akishajiona amechafuka, hana sababu ya kuacha kipande cha pili, wala cha tatu. Imani hiyo imeharibu mengi kuliko keki yenyewe.

Jambo la pili ni mizani. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glikojeni, na kila gramu yake hushikana na takribani gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hupungua na maji yale hutoka. Mizani ikishuka kilo mbili ndani ya siku chache, sehemu kubwa ni hayo. Ukianza tena kula vyakula vya wanga, maji yanarudi na mizani inapanda. Hapo ndipo mtu hukata tamaa, akasema kazi yote imekwenda bure. Si kweli! Kilichorudi ni maji, na mwili unayahitaji. Nawaomba wiki mbili za mwanzo msipande kwenye mizani kabisa.

Njaa nayo tuiseme kwa haki. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, Ancel Keys na wenzake walianza utafiti kwa wanaume 36 waliojitolea, wakawapunguzia chakula kwa muda wa miezi 6. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula kupita kiasi, na hata tumbo likijaa walisema bado wana njaa. Walikuwa watu wenye afya na nidhamu. Ninyi hamkukaa na njaa miezi 6, lakini mkondo ni uleule: mwili ulionyimwa hudai. Kwa hiyo ukijikuta unawaza chakula kutwa nzima baada ya mlo, usijiite dhaifu. Kula milo kamili, yenye protini na nyuzinyuzi: maharage, mayai, samaki, nafaka isiyokobolewa. Atakayejinyima zaidi ili alinde matokeo ndiye atakayevamia kabati usiku.

Na kabati la usiku nalijua vizuri. Mtu karudi kutoka kazini amechoka, hajavua hata viatu, kasimama mbele ya kabati lililo wazi. Mkono mmoja umeshika mlango, wa pili umo ndani ya pakiti ya biskuti. Mboga zipo, lakini hazijaoshwa. Maharage yapo, lakini ni makavu. Pale hapashindani nia njema na nia mbaya; kinashindana chakula kilicho tayari na chakula kinachohitaji saa nzima jikoni. Basi maamuzi yafanyike siku ambayo hujachoka. Chemsha maharage ya siku kadhaa kwa mara moja, uyagawe kwenye vyombo vidogo, ugandishe. Osha mboga na kuzikata mapema. Matunda yakae mezani panapoonekana. Biskuti, kama lazima ziwepo, zikae juu ambako utahitaji kiti kuzifikia. Nyumba nyingi nimeona zinabadilika kwa hili tu, kabla mtu hajasikia neno la lishe.

Vya kiwandani navyo vitazameni kwa makini. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 20 nchini Marekani, waliokula vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka ashibe. Kwenye vilivyosindikwa sana walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku. Hakuna aliyewalazimisha.

Sasa mbakize nini kutoka kwenye mlo wenu? Msibakize vyote, tafadhali, maana ule mlo haukuundwa uwe maisha. Chagueni jambo moja au mawili mliyoyapenda kweli. Labda ni maji badala ya soda, labda mboga kujaza nusu ya sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na nyingi mlishazizoea. Kisha lifungeni jambo hilo kwenye wakati usiobadilika, kwa mfano tunda mara baada ya mlo wa mchana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliojaribu kujenga mazoea kwa namna hiyo. Ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, wengine 18 tu, wengine wakikadiriwa hata 254. Na walioruka siku moja hawakurudi mwanzo. Ukiteleza leo mchana, chakula cha jioni kipo palepale, usingoje Jumatatu.

Mwisho, wenye kisukari wanaotumia insulini au dawa za kushusha sukari, wenye ugonjwa wa figo, wajawazito, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na matatizo ya ulaji: zungumzeni na daktari kabla ya kuanza mlo mwingine wa aina hii, na mwambieni pia mlichokuwa mnakula. Kipimo cha dawa kilichofaa wakati wa mlo huenda kisifae sasa mnaporudi kula kawaida.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na mama aliyeko nyuma.