Kanda za Keith Green na Faili Tunazozipoteza Mbeya

Bwana Yesu asifiwe, wanakwaya. Shikamooni wazee wetu.

Tarehe 28 Julai 1982 ndege ndogo ya Cessna ilianguka Garden Valley, Texas, mara tu baada ya kuruka. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake, na watu wote 12 waliokuwamo walikufa. Mmoja wao ni Keith Green, mpiga piano na mwimbaji wa Injili wa Marekani. Alikuwa na miaka 28.

Miaka yake ya kurekodi nyimbo za Injili ilikuwa michache. For Him Who Has Ears to Hear ilitoka 1977, No Compromise ikafuata 1978. Kisha akaomba kuachiwa mkataba na kampuni ya Sparrow, akaweka nyumba rehani, na mwaka 1980 akatoa So You Wanna Go Back to Egypt kwa utaratibu wa ajabu: kila mtu alipe alichonacho, asiye na kitu apewe bure. Humo Bob Dylan amepuliza harmonika kwenye wimbo mmoja. Albamu ya mwisho akiwa hai ni Songs for the Shepherd, 1982.

Nimemleta kwenu kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka 1983 ikatoka The Prodigal Son, na 1984 Jesus Commands Us to Go!. Mwimbaji ameshazikwa, na bado watu wanapokea albamu mpya zenye sauti yake. Kanda zilikuwepo, na zilitunzwa.

Sasa kwetu. Kwaya inatoka Tukuyu au Vwawa, imechangishana miezi, inaingiza sauti siku mbili, inarudi na nyimbo kumi za mp3 kwenye flashi. Baada ya miaka mitatu wanataka kubadilisha kinanda kilichozidi sauti. Kompyuta ya studio imeshafomatiwa. Mp3 ni ugali uliokwisha songwa: unga hautoki tena humo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa awamu ya mwisho, dai traki, yaani sauti ya kila mwimbaji au chombo ikiwa peke yake kabla ya kuchanganywa. Simaanishi projekti peke yake, lile faili la kazi la programu ya kurekodia, maana projekti ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu zilezile inalalamika au inafunguka bila sauti. Mwombe prodyuza atoe kila traki peke yake kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza ubora kama mp3, kwa ubora wa biti 24 na ileile 48 kHz mliyorekodia. Soprano, alto, tenori, besi, sauti ya kuongoza, kila chombo na faili lake. Zote zianze sekunde sifuri, hata kama besi inaingia dakika ya pili. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: faili zikikatwa pale sauti inapoanzia tu, hakuna atakayejua zilipangwaje, na kwaya itaonekana kama haikufanya mazoezi. Sauti za kuongoza chukua nakala mbili, moja yenye mwangwi ulioongezwa studio na nyingine kavu kabisa, isiyoongezwa kitu.

Msiogope ukubwa. Traki moja ya mono (ya njia moja ya sauti) ya dakika tano ni kama MB 43. Traki 30 ni GB 1.3, nyimbo kumi GB 13. Flashi ya GB 32 inatosha, ila flashi hufa bila kuaga. Nakala ya pili iwe kwenye diski, ya tatu mtandaoni. Katibu akae na moja, nyingine ilale nyumba tofauti, na kila Januari mtu azifungue na kuzisikiliza.

Kuna kosa ambalo hata traki haziponyi. Mvua ikipiga bati wakati mnaingiza sauti, mlio wake unakaa ndani ya kila maikrofoni. Masika ya huku wekeni kazi ya sauti asubuhi, mchana mbadilishe nyuzi za magitaa na kusikiliza mlichofanya.

Mwisho, kwenye folda ya kila wimbo wekeni karatasi moja iliyopigwa picha: mtunzi, funguo ya wimbo, kasi ya mapigo, tarehe, nani aliimba sauti gani, na nani mmiliki wa masta (rekodi halisi iliyokamilika), kwa sahihi ya kwaya na ya studio.